Mfumo Mwepesi Kuliko Yote

Laptopu ya Fundi Suti ilikuwa kuukuu kiasi kwamba ukiiwasha, unaweza kwenda kusalimia jirani, ukapiga soga, ukarudi ukaikuta bado inakuomba usubiri. Siku hiyo aliibeba hadi kijiweni, akaiweka kwenye benchi kando ya birika la kahawa. Moyo ulimdunda kwa furaha. Injinia, fundi redio wa mtaani, alikuwa amekuja na flashi yenye mifumo miepesi ya bure ya kuendeshea kompyuta. Leo mashine ingefufuka, na kesho Fundi angeanza kukata sare za kwaya, watu arobaini.

— Ramu ngapi? akauliza Injinia, akimaanisha kumbukumbu ya mashine.

— Giga moja.

— Moja tu! Basi tunaweka Linux ile ndogo. Ina menyu, ina saa, ina kila kitu.

— Saa ya nini? akadakia Spidi, dereva wa pikipiki. Simu si anayo? Kila kinachotembea kwenye kioo kinakula ramu. Toa saa!

— Kweli bwana, akasema Fundi. Toa.

— Na picha ya nyuma? akauliza Injinia.

— Toa!

— Na madirisha yenyewe toa, akasema Injinia, mzuka umeshampanda. Kioo cheusi, herufi nyeupe. Wataalamu ndivyo wanavyopiga kazi.

— Na kipanya? akauliza Fundi.

— Kipanya cha nini na vidole kumi unavyo!

Mzee Birika, muuza kahawa, akamaliza kumimina.

— Ningekuwa nyie, ningetoa mfumo wenyewe. Hapo itakuwa nyepesi kweli kweli.

Walicheka mpaka vikombe vikatikisika, ingawa Spidi aliapa kwamba wazo lile lina akili. Injinia akachomeka flashi. Kioo kikauliza: diski yote ifutwe, ndiyo au hapana?

— Bonyeza ndiyo, Fundi! Bonyeza!

Kidole cha Fundi kilikuwa kimeshagusa kitufe alipotokea mkewe, futi ya kupimia shingoni.

— Karibu shemeji! Umewahi, mashine inazaliwa upya! akasema Injinia.

— Hongereni. Baba watoto, vile vipimo vya kwaya viko wapi?

— Si humu humu kwenye laptopu.

— Na kwingine?

Fundi akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Spidi. Spidi akatazama ndani ya kikombe chake, kitupu. Jasho likamtoka Fundi. Viuno arobaini, mabega arobaini! Akakiinua kidole polepole, akakificha mfukoni.

Kioo kiliendelea kuuliza ndiyo au hapana, na safari hii laptopu ndiyo iliyokuwa ikisubiri.