Ufa Niliouona Nikanyamaza

Ndugu zangu katika Bwana, nawasalimu nyote, wa Bunda na ninyi mliotoka Musoma. Jina lake lipewe sifa asubuhi hii! Naitwa Magesa. Wengi mnanifahamu kama fundi wa magurudumu pale karibu na stendi, ingawa nyumbani kwetu ni Kiriba, kwa wavuvi. Mchungaji ameniomba nishuhudie kwa kifupi. Nitajaribu, lakini nikificha hata kidogo nitakuwa nimerudia dhambi ileile niliyokuja kuwaeleza.

Mimi nilikuwaga mtu wa kupenda sifa. Miaka ile ya shida, dukani hakuna sabuni, hakuna tairi, hakuna hata kiberiti, sisi mafundi ndio tulioyaweka magari barabarani. Tairi likipasuka tunalishona kwa waya. Rimu ikipinda tunaipasha moto wa mkaa, tunaigonga mpaka inanyooka. Watu walikuwa wanatoka Musoma wananitafuta mimi. Walisema Magesa hashindwi na kitu, nami nikaamini. Kanisani alikuja mke wangu Nyamisi peke yake. Mimi Jumapili nilikuwaga na kazi.

Halafu biashara ikafunguliwa. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kuingia, na mimi nikapata pikapu. Ilikuwa kuukuu, nyeupe, ila mlango wa dereva ulikuwa wa buluu, maana ule wa kwanza ulioza nikafunga wa gari lingine. Niliiendesha kama mtu aliyefungiwa ndani miaka mingi.

Jumatano moja, msimu wa pamba, nilikuwa natoka Musoma na mzigo wa vyuma chakavu. Nilipopita Kiabakari nikakuta trekta limevuta tela la pamba, linatembea polepole, pamba inaruka inagonga kioo changu. Nikachoka kusubiri. Nikatoka kulia ili nilipite. Mbele kulikuwa na daraja dogo lenye kingo za zege. Ndugu zangu, daraja nililiona. Nikasema nitawahi.

Sikuwahi. Gari dogo jekundu lilikuwa limeshaingia darajani kutoka upande wa Bunda. Yule dereva hakuwa na pa kwenda, akajibana kushoto, na nikasikia magurudumu yake yakisaga lile zege. Mimi nikapita katikati, sijui nilipitaje. Kwenye kioo cha pembeni nikaliona gari lile limesimama upande, limeinama, na kwenye kiti cha nyuma kichwa cha mama mzee kimefungwa kitambaa cheupe.

Sikusimama. Nilikanyaga mafuta.

Nilipofika nyumbani niliiingiza pikapu nyuma ya nyumba nikaifunika turubai. Nyamisi akauliza kwa nini ninafunika gari kiangazi, na mvua iko wapi. Nikamjibu vibaya.

Haikupita hata saa mbili. Gari jekundu likaingia uwanjani kwangu likichechemea. Tairi la akiba limefungwa mbele kushoto, na la nyuma linavuja upepo, wamekuwa wakilijaza kwa pampu ya mkono njia nzima. Akashuka mtu wa makamo, Bwana Wambura, afisa kilimo mstaafu. Alikuwa anamrudisha mama yake nyumbani Mwitongo, kule Butiama, baada ya kukaa naye Shinyanga miaka mitano. Ilibidi wageuze warudi Bunda, na watu wa stendi walikuwa wamemwambia kwamba mwenye kuziweza rimu hapa Bunda ni mimi.

Akaanza kunisimulia. Akasema kuna mwendawazimu mwenye pikapu nyeupe, mlango mmoja wa buluu, amekaribia kuwaua darajani, na hata kugeuka kutazama hakugeuka. Aliniuliza kama ninaifahamu pikapu ya namna hiyo. Nikasema magari siku hizi ni mengi. Turubai lilikuwa hatua kama thelathini kutoka pale aliposimama!

Siku mbili zile sitazisahau. Wao walilala nyumba ya wageni, lakini mchana kutwa walikuwa kwangu. Mama yule mzee, Bibi Nyabweke, alikaa kivulini na Nyamisi, wanachambua dagaa, wanacheka kama mtu na binti yake. Kila jirani aliyepita nilimkazia macho, nikiogopa atauliza pikapu imekwenda wapi. Mtu akinisalimu nashtuka. Na yule bibi ananitazama ninavyofanya kazi, ananiambia, "Baba, wewe una mikono ya huruma." Nikainamisha kichwa nikaendelea kugonga.

Zile rimu hazikuwa za chuma kama nilizozizoea. Zilikuwa za aluminiamu, za kung'aa, wakati huo hapa kwetu ndiyo kwanza zinaonekana. Ya mbele nilipoipasha moto kidogo na kuigonga kwa nyundo ya mti, ikarudi vizuri. Ya nyuma ilikuwa imebonyea sana pembeni. Nayo ikarudi, nikaizungusha, ikazunguka bila kuyumba. Ijumaa alasiri nikafanya kile ninachofanyaga siku zote kabla ya kumrudishia mtu rimu. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta ikakauka, nikaipaka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyoingia ndani huanza kutoka na kuilowesha chaki.

Nikangoja. Kwa ndani, upande usioonekana gari likiwa limefungwa magurudumu, ukatokea mstari mweusi, mrefu kama kidole changu.

Hapa Bunda hapakuwa na mtu wa kuchomelea aluminiamu. Ilibidi iende Mwanza. Maana yake wangekaa kwangu siku tatu nyingine, nne labda, na turubai lile pale, na majirani wale. Nikasikia mwili mzima unasema, waende. Waende leo, wasirudi. Nikachukua gundi ya chuma nikaujaza ufa, nikasugua kwa msasa, nikapuliza rangi ya fedha. Ikapendeza kuliko mpya. Bwana Wambura alinishukuru kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi wakaondoka. Nilimwambia aende polepole. Hilo tu ndilo nililoweza kulisema.

Ndugu zangu, nilidhani wakiondoka nitapumua. Kumbe ndiyo nilikuwa naanza. Kila basi likija kutoka Musoma nilisimama, namtazama kondakta usoni. Najua rimu ya aluminiamu ikikatika haikuonyi kwanza. Inaachia mara moja. Nilimwona yule bibi kwenye kiti cha nyuma hata nikifumba macho. Mchana basi moja likaingia, na abiria wakiteremka nikasikia mmoja anasema kuna gari limeacha njia karibu na Kiabakari, watu wamejaa. Sikuuliza gari gani. Nikakaa chini kwenye mafuta machafu.

Nyamisi akatoka akanikuta pale. Nikamwambia yote, la daraja na la ufa. Sikuwa nimepanga kumwambia. Akaenda nyuma ya nyumba mwenyewe akalivuta turubai akalitupa chini. Akanipa ufunguo mkononi. Akasema, "Nenda. Mimi nitaomba. Na wewe uombe, kinywa unacho."

Nikaenda. Njiani niliomba kwa sauti, mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tu, Mungu, asiwe yule bibi. Nilisema hivyo mpaka Kiabakari.

Hakuwa yeye! Lilikuwa lori la pamba, limeingia mtaroni, dereva amekaa juu ya magunia anakula muwa, mzima kabisa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo Bwana aliponishika. Nilisimamisha gari pale Kiabakari nikacheka peke yangu. Na moyo ukaniambia, umeona? Hakuna kilichotokea. Geuza urudi nyumbani, huenda wameshafika, huenda ile gundi itashika miaka. Hata usukani nilishaukata nigeuze. Ndipo nikaona kwamba nikirudi nitaendelea kuyatazama mabasi yale maisha yangu yote. Nikaogopa kwenda, nikaogopa kurudi. Nikasema, "Bwana, mimi siwezi. Niendeshe wewe." Nikaunyoosha usukani nikakata njia ya Butiama.

Nilipofika Mwitongo nikaliona lile gari jekundu mbele ya nyumba, linanguruma. Watoto wanne wa pale nyumbani wamejazana ndani, wanataka wazungushwe mpaka sokoni. Bwana Wambura ameshashika mlango. Nikaiweka pikapu mbele yake, nikazuia njia.

Alitazama ule mlango wa buluu. Akanitazama mimi ninayeshuka.

Nikasema, "Mzee, watoe watoto kwanza. Darajani nilikuwa mimi. Na rimu ya nyuma ina ufa. Niliuona nikauficha."

Aliwatoa watoto mmoja mmoja. Kisha akanijia akanishika ukosi wa shati, na ndugu zake wakatoka ndani. Sikurudi nyuma. Niliomba nifungue gurudumu kwanza, halafu wanifanye wanavyotaka. Wakaniacha nifungue. Nikalitoa tairi, nikakwangua rangi yangu mwenyewe, nikapaka mafuta ya taa, nikapaka unga wa muhogo kwa kuwa chaki haikuwepo. Mstari ukatokea. Ijumaa ule ufa ulikuwa kidole. Sasa ulikuwa shubiri nzima, umekaribia tundu la boliti.

Bwana Wambura aliuona, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri.

Mama yake alikuwa barazani amesikia yote. Akaniita. Nikaenda nikapiga magoti. Sikutegemea huruma, nawaambieni kweli, na sauti yake haikuwa ya huruma.

"Kwa nini hukusimama pale darajani?"

"Niliogopa, mama."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa kuliko siku ile."

"Lakini umekuja," akasema. Akamwambia msichana aniletee maji.

Nilikunywa yale maji nikalia kama mtoto. Na katikati ya kulia, ndugu zangu, ile kamba iliyokuwa imenikaba tangu Jumatano ikalegea. Sikuwa nimesamehewa na mtu bado, kituo cha polisi kilikuwa mbele yangu, na bado ikalegea! Nilijua kuna mtu amesimama pale pamoja nami.

Bwana Wambura hakunisamehe siku ile. Kesho yake alinipeleka kituo cha polisi, nikaeleza kwa kinywa changu, nikaadhibiwa kama ilivyostahili. Nilikwenda Mwanza na ile rimu begani, ikachomelewa, nikairudisha Mwitongo na kuifunga. Aliipokea bila kunipa mkono. Jumapili iliyofuata nikaja hapa na Nyamisi, nikakaa kiti kile cha mwisho, na mchungaji alipoita nilikuwa nimeshasimama.

Mwaka mzima ukapita. Siku moja gari jekundu likaingia uwanjani kwangu. Bwana Wambura akashuka, akanisalimu kwa ufupi, akanipa ufunguo. Akasema, "Nakwenda Shinyanga. Kagua rimu zote nne. Ukiona kitu, niambie."

Akaenda kukaa kivulini, akafumba macho.

Nilizikagua zote nne kwa mafuta ya taa na chaki. Zilikuwa nzima, nikamwambia ni nzima, naye akaondoka bila kuniuliza mara ya pili.

Namshukuru Mungu aliyewalinda watu wale na mimi nikiwa sistahili. Namshukuru mke wangu. Na wewe ndugu yangu uliyekaa hapa asubuhi hii na hofu ambayo hakuna anayeijua, hata anayelala nawe kitanda kimoja, mwamini Bwana leo. Usingoje mpaka hofu iishe ndipo uje, maana mimi haikuisha, nilikuja nayo. Ibada ikimalizika nitakuwa pale mlangoni. Kama kuna mahali unapaswa kwenda kusema kweli na unaogopa kwenda peke yako, nifuate, tutakwenda pamoja.