Bi Shukriya na Asili ya "Bladi"

Jumatano tarehe 28 Septemba 1988, Bi Shukriya bint Marzouq atastaafu baada ya miaka kumi na sita ya ukalimani katika karakana yetu ya matrekta hapa Firq, kando ya mji wa Nizwa. Aliingia mwaka 1972, akitokea Tabora, na Kiingereza kilichonyooka kuliko cha Waingereza wenyewe. Mimi Nadhir, fundi wa injini, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, na naungama mapema kwamba mama huyu ananishangaza hadi leo.

Ametafsiri vitabu vya matrekta, akawafundisha watu wa Nizwa majina ya spea na Waingereza namna ya kuamkia. Mkurugenzi aliwahi kuingia ofisini kwake bila salamu. Bi Shukriya alimtazama tu. Bwana mkubwa akatoka, akabisha hodi, akaingia upya.

Lakini la kushangaza zaidi ni habari ya neno moja. Mwaka 1976 msimamizi wetu alikuwa Mwingereza, Bwana Pitman, ambaye hakuwa na sentensi isiyo na "bladi", yaani "bloody", tusi la kwao: bladi spana, bladi jua, bladi chai. Tulimzoea. Lakini siku aliponitupia mimi neno hilo, mbele ya baba yangu, mzee Muhanna, aliyekuja kutoka kwetu Sur kunitazama, niliweka vifaa chini. Mafundi wote wa Sur nao wakaweka.

Uongozi ukamtaka Bi Shukriya aandike asili ya tusi lile. Likiwa neno tupu, nafukuzwa mimi kwa kugoma. Likiwa linagusa dini, Pitman anarudishwa kwao. Akawauliza wajuzi watatu wa Kiingereza, na majibu yakaja matatu. Mmoja alisema ni kiapo cha zamani kwa Sitti Maryam, anayetukuzwa kwao na kwetu, kilichofupishwa midomoni. Wa pili alisema limetokana na vijana wa kitajiri wa zamani huko kwao, walevi na wagomvi, walioitwa kwa damu yao ya kiungwana. Wa tatu alisema ni damu tu, neno la kukazia, na hao wawili wanabuni.

Asubuhi ya siku aliyotakiwa kutoa jibu nilimwendea nikamwomba achague Maryam.

"Mwanangu, wallahi sijui," alinijibu. "Na wao wenyewe hawajui. Nitatiaje saini?"

Nikapandwa na hasira, nikamtukana kwa neno lile lile. Akaniuliza kama nimeshakula.

Uongozi nao ulimshikilia achague neno tupu, na mkataba wake mpya ulikuwa bado kutiwa saini, nyumbani ana mama mgonjwa na watoto watatu. Akaandika kwamba asili haijulikani, ila aliyetukanwa anajulikana, basi aendewe.

Alasiri akamleta Pitman nyumbani kwangu, baba akiwa ndiye mwenyeji. Njiani alimfundisha desturi yetu: mwenye haja hukiweka kikombe cha kahawa chini bila kunywa, mpaka mwenye nyumba amuulize haja yake na kumkubalia. Pitman, kwa woga, akainywa yote, akakitikisa kikombe kama mgeni aliyetosheka. Baba akaanza kunyanyuka. Kwake yeye mgeni hana haja, na maneno yamekwisha.

Ndipo Bi Shukriya akakiweka chini kikombe chake, kimejaa. Baba akaketi tena, akamuuliza anataka nini. Akataka radhi yeye, kwa tusi ambalo hakulitoa na asili yake haijui. Langu la asubuhi hakulitaja kabisa. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kunywa, binti yangu," baba akasema. "Khalas, yamekwisha."

Kesho yake tulirudi kazini sote, na mkataba wake ukatiwa saini. Pitman alikaa miaka mitano zaidi, akitukana spana tu. Bi Shukriya hakuacha kulichimba neno lile, ana jalada zima la barua, na ukimuuliza leo atakwambia kwa furaha kwamba bado hajui. Sijaona elimu kubwa kama ile.

Bi Shukriya, karakana nzima inakushukuru na inakuombea afya, raha na wajukuu wasiokuchosha. Nami nina langu. Baba amefariki bila kujua nilikwambia nini asubuhi ile, na wewe hukumwambia mtu. Miaka kumi na miwili nimekuamkia kila siku, na kila siku nimeshindwa kulisema. Leo, mbele ya wafanyakazi wote wanaosoma haya, nakutaka radhi.