Dada Yetu, Mwandishi wa Vitabu vya Mashine

Dada yetu mkubwa, ambaye kazini walimwita Bibi Nukta kwa kuwa hakuacha hata nukta ipotee, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mwaka 1979 alihitimu ufundi umeme chuoni, msichana pekee darasani.

Aliajiriwa kwenye kiwanda cha mashine za kusaga nafaka. Wateja walikuwa wakirudisha mashine nzima kwa kuwa kitabu cha maelekezo hakieleweki. Dada akakiandika upya, akampa mama asome. Mama akasema, "Mwanangu, ukurasa wa tatu umeniacha njiani." Dada akarudia kukiandika mara nne. Mwaka 1984 kiwanda kilimpa kazi hiyo rasmi.

Tarehe 12 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga chapa. Walijaliwa binti wawili.

Mwaka 1997 meneja aliondoa onyo moja, la kutoingiza mkono mashine ikizunguka, ili kitabu kitoshe kurasa kumi na sita. Dada, aliyetakiwa kusaini kukipitisha, alibisha siku mbili, kisha akaja kwangu. Mimi, mdogo wake, nilimwambia, "Saini tu, dada. Utafukuzwa kwa mistari miwili?" Akasaini. Miezi mitano baadaye mama mmoja msagaji alikatwa vidole vinne na mashine hiyo.

Dada alimfuata hadi nyumbani. "Nilijua, nikasaini," alimwambia.

Yule mama hakumkaribisha kiti. "Samahani yako nitaifanyia nini? Kaandike upya, wengine wasikatwe."

Dada aliandika. Meneja alipokataa kuchapa, dada aliacha kazi, na shemeji akachapa nakala mia tatu. Alizigawa mwenyewe, kinu kwa kinu. Baadaye alifundisha uandishi wa maelekezo chuoni kwa miaka kumi na minane. Wanafunzi walimpenda, lakini yeye hakuwahi kujisamehe.

Machi 2021 alipata kiharusi kilichomnyang'anya maneno. Niliketi kando ya kitanda chake mara nyingi, nikitaka kumwambia kwamba kosa lile lilikuwa langu pia. Nilizungumzia mvua. Alifariki tarehe 3 Februari 2023, saa nne asubuhi, kabla sijasema. Ndiyo maana nalisema leo, mbele yenu.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu watatu, na mimi mdogo wake.

Dada, pumzika. Mungu akupe utulivu ambao sisi hatukukupa.