Elphas Lugalia na Maua ya Majmaa

Ndugu waombolezaji mliobanana humu chumbani kwetu Al-Sulay, hapa Riyadh, nanyi dada zetu wa Jeddah mnaotusikiliza kwa simu, mimi ni Danson, mdogo wake marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha yake kabla mwili haujasafirishwa kesho kwenda nyumbani.

Elphas Lugalia alizaliwa tarehe 14 Juni 1983 huko Mudete, Vihiga, mtoto wa pili wa marehemu Jeremiah Lugalia na mama yetu Priscah, akasoma shule ya msingi pale pale kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, kisha akajifunza udereva mjini Kakamega, ambako aliendesha gari la mikate kwa miaka kadhaa, na watoto wa njia hiyo walimjua kwa sababu hakuwahi kupita bila kuwapungia mkono.

Mwezi wa Machi 2011 alikuja Jeddah kuwa dereva wa nyumba mtaani Aziziya, na mwaka uliofuata, katika foleni ya kutuma pesa kule Sharafiya, alimwambia dada mmoja aliyekuwa mbele yake, "Samahani, dada, umenikanyaga," naye akajibu bila kugeuka, "Basi rudi nyuma kidogo, kaka, mguu wako ndio umenifuata." Dada huyo ni Eddah, ambaye leo ameketi hapa mbele yenu, na walifunga ndoa kanisani Mudete tarehe 20 Desemba 2014, wakajaliwa binti mmoja, Stacy, aliyezaliwa Oktoba 2015 na anayelelewa na nyanya yake.

Mwaka 2016 ikama ya Elphas, yaani kibali chake cha kuishi, ilihamishiwa kwa kafili, mwajiri mdhamini, wa huku Riyadh, na Eddah, aliyekuwa amebaki nyumbani na mtoto, aliporudi kazi yake ya ndani Jeddah mwaka 2017, mume na mke wakajikuta katika nchi moja lakini mbali kabisa, yeye kwa madam wake Aziziya, naye Elphas kule Majmaa, mji wa chuo kaskazini ya hapa, akiendesha basi la wasichana wanafunzi wa vijiji vya jirani, ambao walimwita ammu, yaani baba mdogo, wakamzoea kama wa kwao.

Wasichana wakiwa darasani, Elphas alitembea, na hapo ndipo alipoyajua maua, kwa maana mvua za majira ya baridi zikinyesha vizuri, jangwa lile hubadilika mwezi wa Februari, kando ya barabara yanatoka maua ya manjano, nyuma ya mabweni yanatoka meupe madogo, na ndani zaidi, kwenye bonde lililo chini ya vilima, khuzama inafunika mchanga kwa rangi ya zambarau. Wengi wenu hapa aliwapeleka siku ya Ijumaa, na Mike, dereva mwenzake, anakumbuka alivyomkataza kukanyaga. Yote hayo alimsimulia Eddah kwa sauti kwenye simu, akamwahidi kwamba siku moja atamwonyesha bonde lake, lakini mwaka mmoja ruhusa ilikosekana, mwingine ikaja korona, mwingine mvua ikakataa.

Mnamo Agosti 2024 Elphas aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu hapa Riyadh, na basi lake likachukuliwa na Mike. Mvua za mwaka huo zilikuwa nzuri. Eddah alipomwomba madam wake ruhusa, madam alisema, "Mafi, hakuna ruhusa, Eddah, Ramadhani imefika, wageni wanakuja." Eddah, ambaye nyote mnajua hana sauti ya juu, akasema, "Madam, wanao nimewalea miaka yote hii na sijakuomba kitu. Mume wangu ni mgonjwa. Nipe siku tatu." Madam akaingia chumbani na kufunga mlango, Eddah akajua halas, kazi imekwisha, akaanza kukunja nguo zake, lakini madam akatoka na tiketi ya ndege kwenye simu, akamwambia, "Nenda, na usirudi mbio."

Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, Mike aliwapeleka bondeni kwa basi wakakuta ngamia wamepita na kula yote, hakuna kilichobaki ila vijiti, na Elphas akainamisha kichwa. Jioni wasichana walipopanda basi wakauliza kwa nini ammu amenyamaza, na mmoja wao, Rim, anayeshuka kituo cha mwisho, akampigia simu baba yake, naye akaja na pikapu kuwapokea, akawaongoza hadi nyuma ya shamba lake, mahali palipozungushiwa uzio ngamia wasiingie, ambapo khuzama ilikuwa imejaa hadi kwenye mawe.

Mike alimbeba Elphas mgongoni, akamkalisha juu ya mkeka, naye Elphas akasema, "Mama Stacy, mimi nilikuahidi bonde lile, si hili." Eddah akamjibu, "Hili nalo lina ubaya gani, baba Stacy?" Elphas akacheka mpaka akakohoa, Eddah akavua viatu, akajilaza katikati ya maua kama mtoto, wasichana waliokuja nao wakapiga vigelegele, na Rim akawapiga picha wote wawili, ambayo ilitumwa Mudete usiku ule ule, na Stacy akamwambia nyanya, "Kumbe wakikaa pamoja wanafanana."

Eddah alirudi Jeddah siku ya Jumamosi. Ndugu yetu alizidiwa, akafariki Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa kumi alfajiri, mimi nikiwa nimeushika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Mike na madereva wenzake, majirani wa Al-Sulay waliotupikia, madam wa Aziziya aliyempa Eddah ruhusa ya kwenda nyumbani na kukaa na mwanawe, na wasichana wa basi pamoja na wazazi wao, waliotuma salamu za pole leo asubuhi.

Katika ndoa yao Elphas na Eddah hawakuwahi kupanda ndege moja, hata harusini kwao walitanguliana, kila mmoja na ruhusa ya bosi wake. Kesho jioni wanasafiri pamoja. Pumzika, kaka yangu, mkeo yuko nawe njia nzima.