Mistari Miwili Mitupu

Lori letu lilipopanda pantoni ya Garsen, wavutaji walishika kamba, nami nikabaki juu ya magunia katikati ya watu wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa Olow, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyekuwa anatoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na karatasi mkononi. Sheria mpya ilitaka kila tajiri aandikiane mkataba na mfanyakazi wake.

"Adow anachunga ng'ombe wangu miaka tisa," alilalamika. "Kila mwaka mimi nampa mtamba mmoja, mbele ya wazee. Sasa karatasi ya nini? Ataona mimi simwamini."

"Na wewe ukifa, mzee?" aliuliza mama Rosina, mkulima wa Minjila, huku amepakata kuku wake. "Wanao watawasikiliza hao wazee?"

Kwa watu waliokutana asubuhi ile ile, niliona swali ni zito kidogo.

Olow alinipa karatasi nimsomee. Nikasoma: mfanyakazi akiugua, tajiri atafanya nini? Chini yake palikuwa na mistari miwili mitupu.

"Mambo gani haya? Mwaka wa mafuriko Adow alishikwa na homa huko porini. Mimi nilimbeba mgongoni siku mbili mpaka Garsen."

"Basi andika hivyo," alisema mama Rosina.

"Niandike nilimbeba?"

"Andika utambeba tena."

Olow aliitazama karatasi mpaka pantoni ikagota ukingoni.

"Mistari miwili haitoshi," alinung'unika. Kisha akaniuliza kama naweza kuandika herufi ndogo ndogo.