Setilaiti Inaulizwa Wapi

— Hivi wewe, ukiwasha kiberiti porini ukiwa peke yako, unadhani nani kakuona?

Hamudi alilirusha swali kwa benchi zima, lakini Optatus alilipokea kama lake peke yake. Benchi lenyewe ni gogo la mkorosho lililolazwa mbele ya jiko la kahawa la Mama Yoeli, pale Lisekese njia ya mashambani inapotokea barabarani. Saa kumi jioni hukaliwa na watu wanne: Hamudi wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa sababu hana, Gerson Katibu, ambaye hajawahi kuwa katibu wa chochote, Optatus, mzee aliyestaafu ufundi wa maabara shuleni, wakambandika jina la Mzee Anga, na Kulwa. Wiki mbili sasa, kati ya Optatus na ncha ya gogo palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza.

Ni tangu mikorosho arobaini na mmoja ya Mama Yoeli iungue ikiwa na maua, salfa ya kuzuia ukungu imeshapulizwa. Kikao cha kijiji kikasema kachoma Kulwa, kwa kuwa ana ng'ombe, na wenye ng'ombe huchoma ili majani mabichi yaote. Ushahidi ulikuwa huo tu. Kulwa, aliyehamia na mifugo yake kutoka Kanda ya Ziwa miaka tisa iliyopita, akapewa mpaka Jumamosi awe ameondoka. Leo ilikuwa Ijumaa.

— Nakuuliza, Mzee Anga, — Hamudi akarudia. — Nimesikia redioni wamerusha setilaiti za kutafuta moto tu, hazina kazi nyingine.

Optatus angeweza kunyamaza. Ila tangu ujana wake hakuwahi kuacha kosa la sayansi au swali la sayansi lipite hivi hivi.

— Ni kweli. Za zamani zilikuwa zinaona msitu ukiteketea. Hizi mpya zinaona moto wenye ukubwa wa chumba.

— Chumba cha kupanga au cha bwana mkubwa? — Gerson akadakia.

— Mita tano kwa tano.

— Cha bwana mkubwa hicho! Mimi kwangu hata kitanda kinaingia ubavu.

— Na mbona siku hizi zimekuwa nyingi hivyo? — Hamudi akauliza.

— Kwa sababu roketi inarudi. Zamani ikishapeleka mzigo inatupwa baharini. Sasa inashuka kinyumenyume, ikikaribia chini inawasha injini, inasimama wima palepale ilipotakiwa. Inakaguliwa, inarushwa tena. Ndiyo maana kurusha kumekuwa rahisi.

Aliyasema hayo, kisha akatazama nafasi iliyo wazi pembeni yake. Roketi ile aliitazama hapa hapa, kwenye simu ya Kulwa yenye kioo kilichopasuka, vichwa vyao vimegusana kama watoto waliopata maandazi ya wizi. Kila iliposimama Kulwa alipiga makofi: "Imefika nyumbani, Mzee Anga!" Tangu Regina mkewe afariki na watoto wabaki kuwa sauti za Dar es Salaam kwenye simu, Kulwa ndiye pekee aliyekuja kubisha hodi siku Optatus asipoonekana kijiweni.

— Mimi nasema inaona mpaka aina ya kiberiti, — Hamudi akaendelea.

— Aina tu? Inahesabu njiti zilizobaki! — Gerson akasimama kabisa. — Binamu yangu wa Ndanda kanihakikishia, ina pua. Ukichoma panya huku, wenyewe kule wanajua kama umetia chumvi.

Kahawa ikamwagika kwenye goti la Optatus.

— Basi mbona hawajaja kuniambia nani kanichomea? — Mama Yoeli akauliza, akichochea makaa.

— Foleni, mama, — Gerson akasema. — Wameanza na Ulaya.

— Na wakifika Newala wanapita pembeni, — Hamudi akasema. — Newala kuna wataalamu wa ndumba. Setilaiti itashushwa kama papai.

Walicheka, hata Mama Yoeli kidogo. Kisha akamgeukia Optatus.

— Baba Anjelina, wewe umesoma. Kweli inamwona mtu?

— Haimwoni mtu, Mama Yoeli. Inaona joto. Inaandika nukta, mahali na saa.

Alijua kuliko wote pale kwamba nukta ile haina jina. Hata hivyo wiki mbili nzima alitembea kichwa chini, kisogo kinamwasha.

Ndipo Kulwa akatokea, anakokota baiskeli iliyofungwa godoro na sufuria mbili. Hamudi akaanza kukagua tairi la pikipiki yake.

— Shikamoo, Mama Yoeli.

— Marahaba, — Mama Yoeli akaliitikia birika.

— Shikamoo, Mzee Anga.

— Marahaba, Kulwa.

— Nimekuja kuaga. Ng'ombe wametangulia kwa shemeji.

— Safari njema, — Gerson akasema, kama anayemuaga abiria asiyemjua.

Kulwa hakuondoka.

— Nimewasikia tangu pale. Hiyo setilaiti iliyouona moto, mtu akitaka kuiuliza, anaiuliza wapi?

Hamudi akasema labda Dodoma. Gerson akasema unaandika barua. "Kwa nani?" Kulwa akauliza, na Gerson, aliyejua mpaka habari za pua, akaomba kahawa nyingine.

— Basi naandika, — Kulwa akasema. Akatoa karatasi ya daftari na kalamu, akaviweka kwenye nafasi yake ya siku zote. — Mzee Anga utanisaidia maneno ya kitaalamu. Sema tu kwangu ni upande huu wa bonde, na moto ulianzia upande ule. Hilo litaonekana, siyo?

Optatus akaishika kalamu. Akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa lebo za chupa za maabara. Mkono ukakwama hapo. Alikuwa amewafukiza panya watatu tu mashimoni kwa moto wa majani, wale wanaoitwa huku samaki nchanga. Regina enzi zake alikuwa akiwakausha vizuri kuliko mtu yeyote. Alitaka tu harufu ile irudi ndani ya nyumba. Aliwala peke yake, mlango umefungwa, huku nje watu wanapiga kelele za moto.

Akailaza kalamu.

— Usiiulize setilaiti, Kulwa. Niulize mimi.

— Nikuulize nini, mzee?

Optatus hakumjibu yeye. Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, akamtazama mwenye mikorosho.

— Mama Yoeli, nilikuwa natafuta panya. Upepo ukageuka, nikakimbia. Ule moto niliuwasha mimi.