Siku Niliyofungulia Kuku wa Chanjo

Wana kikundi wenzangu wa Mtinko, nanyi wageni wetu kutoka Ilongero, nawasalimu wote. Mimi shule niliiacha mapema, nikikosea mnivumilie.

Ndugu zangu, nawaambia, mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, uliniachia banda tupu. Alibaki jogoo mmoja tu, yule mchokozi mnayemjua. Na kuku wa kuuza ndio chumvi yangu, ndio dawa yangu ya presha.

Mnajua chupa ya chanjo ikishafunguliwa haingoji kesho. Lazima bwana mifugo atuambie jioni, ili alfajiri tusifungulie kuku. Kuku wa kienyeji akishatoka, nani atamkamata? Mjukuu wangu, jina simtaji, akatutengenezea programu ya kutangaza siku ya chanjo. Kwenye kompyuta yake ikafunguka vizuri. Kwenye simu yangu ukatoka weupe mtupu kama unga. Nikafungulia kuku, chanjo ikanipita.

Mdondo ulipoingia, jirani akanitania, "Bibi, na hiyo simu ipigwe chanjo!"

Mjukuu akataka kuacha kabisa. "Bibi, nimekuulia kuku."

"Kuku wameuawa na mdondo, si wewe. Wewe nieleze, imekuwaje?"

Kumbe vitufe na vidirisha vya programu havichongwi kimoja kimoja. Kuna masanduku ya zana, mengi ajabu, kila moja linaahidi: andika mara moja, ifunguke kwenye simu zote na kompyuta. Moja linaazima vitufe vya simu yenyewe. Jingine linachora vyake. Jingine linabeba tumboni kivinjari kizima, kile cha kufungulia mtandao, na ndilo alilolichukua, maana wenzake wa mjini wanalisifu. Simu yangu ikashindwa mzigo.

Ndipo akawaomba simu zenu, hata zenye nyufa, akazipanga kwenye ungo wangu. Mama mmoja, yupo hapo nyuma anacheka, akasema, "Mwanangu, yangu usiipepete!" Akajenga tangazo lilelile kwa kila sanduku, akajaribu simu moja moja. La kwanza lilipendeza, lakini maandishi madogo kama ulezi. La pili likagoma kwenye kompyuta ya bwana mifugo. Moja, halina urembo wowote, likafunguka kote. Akalishika hilo.

Chanjo iliyofuata, tangazo likanifikia jioni. Asubuhi mitetea ikapiga kelele bandani, nikaiambia, tulieni, leo hamtoki.

Mitetea yenyewe mlinipa ninyi. Asanteni, na asanteni kwa simu zenu. Zana zipo nyingi, na kila moja ina wasifiaji wake. Kabla hujasifu, ijaribu kwanza kwenye simu mbovu kuliko zote kijijini. Yangu ipo, njooni muazime.